Matairi Aliyochagua Mke Wangu

Wiki iliyopita mliniacha getini kwa mama mkwe, nimeshika usukani kwa mikono miwili, na chini yangu matairi mapya manne ambayo sikutakiwa kuwa nayo.

Kwa aliyechelewa, nitasema kwa kifupi. Pikapu si yangu. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, mwashi, na siku vitu vyake vilipogawanywa mama mkwe alitoa neno lisilohitaji mwanasheria. "Gari abaki nalo binti yangu, maana ndilo linalobeba milango yake. Lakini libaki kama alivyoliacha baba yenu. Siku likibadilishwa, linakwenda kwa kaka yake."

Mke wangu ni seremala. Yeye anatengeneza milango, mimi naisambaza. Bila pikapu ile milango inabaki karakana inatazamana, na mimi narudi kuwa mtu wa kuulizwa siku hizi anafanya nini. Kazi mbili za mwanzo nilizipotezaje, wasomaji wa zamani mnajua, na mimi sina hamu ya kurudia.

Marehemu mwenyewe aliinyanyua pikapu inchi mbili, kwa vipande vya chuma juu ya springi za mbele na vingine nyuma, isikwaruze tumbo akibeba mawe. Akaishia hapo. Matairi yake yalikuwa ya inchi thelathini na moja. Mimi nikaweka ya thelathini na tatu, mapana, na rimu zinazotokeza nje ya madigadi.

Mke wangu alikuwa amenikataza tangu mwanzo. Alipoyaona hakupiga kelele. Alisema tu, "Rudisha ya zamani kabla hatujaenda kwa Mama." Nikamwambia kesho. Kesho yangu ilikuwa na siku ishirini.

Ndipo Jumamosi ile, saa nne asubuhi, akanipigia simu. Alikuwa kwa mama yake tangu mapema, anafunga fremu ya chumba. Mlango wenyewe ulikuwa karakana.

"Ulete sasa hivi," akasema. "Na hayo matairi yako, Mama haoni vizuri siku hizi, na Kaka hayupo. Ingia, tushushe, uondoke."

Nikaenda. Na aliyenifungulia geti alikuwa shemeji, kaka yake yuleyule.

"Abiria," akanisalimia.

Hilo ndilo jina langu ukweni. Shemeji alinipa siku ya kwanza nilipofika pale kujitambulisha, mke wangu akiendesha na mimi nimekaa kushoto nimekumbatia mkoba. Miaka tisa imepita, watoto wawili, na bado naitwa Abiria hata nikiwa nyuma ya usukani.

Akasimama pembeni anaitazama pikapu. Akarudi hatua moja, akaitazama tena.

"Gari limekua," akasema.

"Limeoshwa," nikamjibu. "Gari likioshwa huonekana kubwa."

Sijui kwa nini nilisema vile. Mtu akiwa na hofu husema chochote kilicho karibu na ulimi. Shemeji hakucheka. Alifungua geti lote, akanionyesha kwa mkono nipite.

Sasa ni lazima niwaeleze ua ule. Ukipita geti unaingia njia nyembamba kati ya nyumba na ukuta, halafu unakata kushoto, kona kali, kuzunguka baraza hadi uani nyuma. Marehemu aliujenga ukuta ule kwa mikono yake, na hakutumia futi wala kamba. Alikata usukani wa pikapu hadi mwisho akaizungusha polepole, huku mke wangu, wakati huo msichana wa miaka kumi, akifuata nyuma na chokaa akichora pale lilipopita tairi la nje. Kisha akajenga kiganja kimoja nje ya mstari wa chokaa.

Kwa maneno mengine, ukuta ule ni nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya gari lile. Pikapu huingia pale na kukata kona mara moja, bila kurudi nyuma. Ukweni kwangu watu hujivunia kona ile kama wengine wanavyojivunia shahada.

Nami niliijua habari hiyo. Nimesimuliwa mara zisizohesabika. Lakini kujua kitu na kukikumbuka wakati unapokihitaji ni mambo mawili, na mimi siku zote hukosa lile la pili.

Nikaingia. Nikakata usukani kushoto hadi mwisho.

Haukwenda mwisho.

Profesa ndiye fundi matairi aliyenifungia haya. Jina hilo amelipata kwa sababu hakuna swali analojibu kwa neno moja. Siku ile, tulipoona matairi yanakwaruza madigadi kila nikikata usukani wote, akaongeza vipande vya chuma kwenye boliti zinazozuia magurudumu yasigeuke kupita kiasi.

"Kunyanyua gari kumekupa nafasi ya juu," aliniambia. "Hakukukupa nafasi ya mbele na nyuma, na tairi likigeuka linahitaji huko pia. Kwa hiyo nimepunguza kugeuka kwake. Halitakwaruza tena. Ila litataka uwanja mpana, usije ukaliingiza sehemu za kubana."

Mimi nilisikia neno halitakwaruza, nikaacha kusikiliza.

Basi pua ya gari ikafika ukutani kabla kona haijaisha. Nikarudi nyuma kidogo. Nikaenda mbele. Nikarudi tena.

Ndani ya nyumba sauti ya mama mkwe ikauliza, "Nani anaendesha?"

"Ni mkweo, Mama," akajibu mke wangu.

"Mbona anarudi nyuma?"

Nikaenda mbele mara ya tatu.

"Gari la mume wangu halirudi nyuma pale," mama mkwe akasema.

Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, ila masikio yake yanaweza kukuambia ni sufuria gani imefunikwa kwa kifuniko cha nyingine. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani, nipite, niipite ile kona kabla hajatoka nje. Nikashika usukani kwa nguvu zangu zote, nikaulazimisha.

Kitu kikakatika chini, tang. Ni kile kipande cha Profesa. Magurudumu yakageuka ghafla zaidi ya kiasi, gari likaruka mbele, kona ya bampa ikaukumba ukuta na kujikunja ndani, ikaubana mpira wa tairi la kulia. Nyuma, rimu ya kushoto ikajichomeka kwenye ngazi ya baraza.

Nikajaribu kurudi. Halikurudi. Mbele, halikwenda. Usukani ukawa mgumu kama umechomelewa.

Nikazima injini, nikataka kushuka. Mlango wangu ulifunguka upana wa vidole vitatu ukagonga ukuta. Nikasogea kiti cha kushoto. Ule ukagonga nguzo ya baraza. Kioo cha upande ule hushuka nusu tu tangu enzi za marehemu, na mwili wangu si wa kupita kwenye nusu ya kioo. Nyuma kulikuwa na mlango wa mninga uliolalia kidirisha.

Nilikuwa nimefungiwa ndani ya gari, uani kwa mama mkwe, saa tano kasoro mchana kweupe.

Shemeji akazunguka akaja kusimama mbele ya boneti. Akainama, akachungulia bampa, akanyanyuka taratibu. Alikuwa anajizuia asitabasamu, na alikuwa anashindwa.

"Abiria," akasema, "mbona hushuki?"

Mama mkwe akatoka. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, akatembea kandokando yake hadi ukuta ulipokutana na gari. Akapapasa boneti, akapapasa taa, akashuka hadi kwenye tairi. Akaweka kiganja juu ya mpira, akaanza kupima shubiri kuanzia chini kwenda juu. Alipofika kileleni akabaki ameweka mkono pale.

"Hili si tairi lake," akasema.

Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi, na nimeshawasimulia aibu zangu nyingi. Mzee wa watu alikuwa anapapasa gari la mumewe kama anayetafuta uso wa mtu, na akaukosa kwa sababu yangu.

"Abiria aliniambia limeoshwa tu," akasema shemeji.

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia. "Nani amelibadilisha gari hili?"

Nilikuwa nataka kusema. Naapa nilikuwa nataka, nilikuwa natafuta tu sentensi ya kuanzia. Lakini mke wangu, aliyekuwa amesimama barazani na randa mkononi, akatangulia.

"Ni mimi, Mama."

Nikamgeukia. Hakunitazama.

"Wewe," akasema mama yake.

"Milango imekuwa mizito na barabara ni mbovu. Nikaona matairi makubwa yatasaidia. Mume wangu nilimtuma tu."

Mwanamke aliyenikataza kwa kinywa chake. Mwanamke aliyekaa siku ishirini akiniuliza nayarudisha lini. Alisimama mbele ya mama yake akaubeba mzigo wangu bila kuhema, na mimi nikamwacha aubebe kwa muda wa pumzi mbili nzima. Zile pumzi mbili bado zinaniuma.

Mama mkwe akaomba kiti. Shemeji akaleta, akakiweka mbele ya boneti, na mama mkwe akakaa akinielekea mimi kwenye kioo, kana kwamba mimi ndiye hakimu, kumbe ndimi mshitakiwa.

"Ingekuwa mkwe wangu," akasema, "ningemwambia asiliguse tena gari hili, basi, yangeisha hapo. Yeye hakuwepo baba yenu alipokuwa anaujenga ukuta huu. Lakini wewe ndiye uliyeshika chokaa. Ulijua. Likitoka hapa, gari linakwenda kwa kaka yako."

Shemeji akaangalia chini. Nitamtendea haki, hakushangilia.

Mke wangu aliuma mdomo. Nilijua anawaza nini, maana nami nilikuwa nawaza lilelile: milango kumi na minne ya shule iliyokuwa karakana, na fundi wa kuipachika anasubiri Jumatatu. Alikuwa amedhani mama yake atamkemea tu. Hakujua anatia sahihi ya kulitoa gari.

Nikainamia nusu ya kioo.

"Mama, ni uongo," nikasema. "Ni mimi. Yeye alinikataza. Nilichagua mwenyewe, nikaenda mwenyewe."

Kisha shemeji akacheka, si kwa ubaya, ndivyo ilivyoniuma zaidi.

"Shemeji, acha. Wewe hata pazia la sebuleni kwako hujachagua."

"Nakwambia ni mimi."

"Na kwa nini ulitake tairi kubwa?" akauliza mama mkwe. "Wewe ni mtu wa taratibu."

Nikasema ukweli wote, pale pale, kupitia tundu la kioo. Kwamba kila nikisimama na gari lile watu wanasema hili ni la marehemu, au hili ni la seremala, au wanauliza mwenyewe yuko wapi. Kwamba nilitaka kitu kimoja tu juu yake ambacho mtu akiuliza nani kaweka, jibu liwe mimi. Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo hata kwa mke wangu, na niliona uso wake ukibadilika.

Mama mkwe akainua uso. Akaitikia kwa kichwa, polepole, na machozi yakamlengalenga.

"Miaka tisa," akasema, "nimekudhania vibaya. Nilidhani binti yangu ameokota mtu wa kukaa kiti cha kushoto. Kumbe unaweza kujitupa motoni kwa ajili yake hivi. Marehemu angefurahi kukuona leo, mwanangu."

Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata katika nyumba ile, na haikuwa yangu.

"Mama, sijitupi popote. Nasema kweli."

"Najua, mwanangu. Najua."

"Hujui." Hapo nikachanganyikiwa, nikafanya kosa ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi. "Muulizeni Profesa. Yeye ndiye aliyefunga. Atawaambia nani alikuja, nani alichagua."

"Anakuja," akasema mke wangu. "Nimeshampigia simu aje na jeki."

Nikapumua. Nikaegemea kiti. Na ndipo, kama mtu anayekumbuka jiko aliloacha linawaka akiwa ameshaondoka nyumbani, nikakumbuka.

Hapa kuna jambo ambalo wiki iliyopita sikuwaambia. Niliruka. Niliwaambia Profesa alifunga matairi, sikuwaambia kwamba alikataa kwanza.

Alikataa. Alimfahamu marehemu, alimfungia matairi miaka yote. "Gari hili halipiti thelathini na moja," aliniambia, "marehemu mwenyewe alikwisha kata kauli." Akaanza kuviringisha tairi kurudi stoo. Nami nikaliona jambo langu moja duniani linaviringishwa kwenda stoo, nikamwambia, "Mwenye gari sasa ni mke wangu, na yeye ndiye aliyechagua haya. Amenituma."

Profesa akasimama. "Binti mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi kama ni binti yake," akasema, na akalirudisha.

Nilikuwa nimeikumbuka habari hiyo yote, neno kwa neno, wakati pikipiki ya Profesa iliposimama getini.

Alikuja na jeki begani na spana ya magurudumu mkononi, akawasalimia wote kwa heshima, mama mkwe akamshika mkono kwa muda mrefu. Kisha akazunguka gari, anapiga midomo na kutikisa kichwa. Alipofika kwenye kioo akaniinamia.

"Nilikwambia sehemu za kubana," akanong'ona.

"Profesa," nikamnong'oneza haraka, "ukiulizwa..."

"Fundi," mama mkwe akaita. "Njoo hapa kwanza. Wewe hujawahi kunidanganya."

"Sijawahi, Mama."

"Nani alichagua matairi haya?"

Nikamtolea macho kupitia kioo cha mbele. Nikatikisa kichwa. Nikajigusa kifua kwa kidole, mimi, mimi. Profesa akanitazama, na nadhani alifikiri ninaomba nisitajwe kwenye jambo baya, akanionea huruma.

"Mimi nilikataa, Mama," akasema. "Mkweo ni shahidi, nilikataa kabisa. Ila akanieleza kwamba ni binti yako aliyechagua. Amemtuma. Nikasema kama ni mwenye gari, mimi ni nani."

"Umesikia," mama mkwe akamwambia binti yake, bila hasira.

Akainuka kwenye kiti. Alipita ubavuni kwa gari, akaingiza vidole kwenye kioo, akanigusa bega. "Pole, mwanangu," akaniambia. Akaingia ndani.

Niliweza kuvumilia hasira. Ile pole sikuiweza.

Mke wangu alibaki amesimama palepale barazani. Alikuwa amesema uongo dakika ishirini zilizopita ili kuniokoa, na sasa amegundua kwamba uongo uleule nilikuwa nimeshausema mimi, wiki tatu kabla yake, ili nipate matairi. Nilimwona akiupanga mmoja juu ya mwingine, kama anavyopanga mbao kuona kama zinalingana.

Profesa alikuwa ameshapiga goti, anaweka jeki. "Hili si tatizo," anasema. "Nakunjua bampa, navua haya mapana, navalisha yale ya zamani, linatoka mara moja kama siku zote."

"Profesa," akasema mke wangu. "Hayo ya zamani uliyahifadhi?"

Profesa akaacha kuzungusha jeki.

"Ya zamani?"

"Ya Baba. Manne, na rimu zake."

Profesa akamtazama yeye. Akanitazama mimi kwenye kioo. Akafuta mikono kwenye suruali, mmoja, halafu wa pili.

"Lakini dada," akasema taratibu, "kuhusu hayo nayo, si ulimtuma mume wako aje kuniambia niyauze..."

Mke wangu akainua mkono, akamkatiza.

Akashuka ngazi. Akaja hadi kwenye kioo, uso wake kiganja kimoja kutoka kwangu, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Kulikuwa na kitu kama uchovu wa mtu aliyebeba mlango peke yake akidhani mwenziwe ameshika upande wa pili.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ya chini, ili kaka yake asisikie. "Nini kingine umekisema kwa jina langu?"

Ukuta kulia kwangu. Nguzo kushoto. Shemeji mbele, amekunja mikono.

Nikaweka mkono kwenye kishikio cha kioo, nikaanza kukipandisha.